Kilimo cha mpunga Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu faida

Masika ikikaribia maswali huwa yale yale. Jirani wa bondeni anataka kujua apande mbegu ya SARO au ya Supa, na ndugu aliye Dar anauliza kama ekari tano zitamlipia ada za watoto. Hapa tumeyajibu kwa pamoja. Kila penye neno "tuseme", bei ni ya mfano wa kukokotolea tu. Toa hizo, weka za kwenu za msimu huu.

MAMBO YA MSINGI

1. Mpunga unalipa au haulipi?

Unamlipa mwenye maji ya uhakika na anayeweza kukaa na mpunga wake ghalani miezi mitatu minne bila kuugusa. Anayetegemea mvua, halafu akauza siku ile ile ya kupura, mara nyingi anaambulia chakula cha nyumbani na fedha kidogo ya kurudishia madeni.

Sababu iko kwenye mavuno. Ekari ya mvua isiyo na mbolea hutoa kilo 700 hadi 900 za mpunga. Ekari ya umwagiliaji iliyopandikizwa kwa wakati na kupewa mbolea hutoa kilo 1,600 hadi 2,400. Lakini gharama zake hazizidi kwa kiasi hicho: kulima unalipia kote, palizi unalipia kote, na ndege hawaulizi kama shamba ni la mvua au la mfereji. Anayevuna kidogo anabeba karibu mzigo ule ule wa gharama.

2. Nitajuaje kama nitapata faida kabla sijatia hata jembe?

Geuza gharama zako zote ziwe kilo za mpunga. Tuseme kukodi shamba, kulima na kuvuruga tope, mbegu, kupandikiza, mbolea, palizi, kuamia (kufukuza) ndege, kuvuna, kupura, magunia na usafiri vimefika shilingi 950,000 kwa ekari. Tuseme bei ya wakati wa mavuno ni shilingi 800 kwa kilo. Gawanya: unahitaji karibu kilo 1,190 ili urudishe fedha yako tu.

Sasa linganisha na shamba unalolitaka. Kama ni la mvua na majirani huvuna kilo 800, umeshapata hasara kwenye karatasi, na karatasi ni mahali nafuu pa kupatia hasara. Kama ni la skimu ya umwagiliaji na unategemea kilo 2,000, zinabaki kilo 810, yaani shilingi 648,000. Fanya hesabu hiyo hiyo ukipunguza mavuno kwa robo, maana robo hupotea kwa urahisi: ndege wiki moja, maji kuchelewa wiki mbili. Ikiwa bado kuna kitu kinabaki, endelea.

3. Gharama gani watu husahau kuandika?

Ya kwanza ni kazi ya familia. Mama anayepalilia jaruba (kipande cha shamba kilichozungushiwa matuta) wiki mbili na kijana anayekaa dunguni (kibanda cha kulindia ndege) mwezi mzima wangeweza kulipwa kwingine. Usipowaandika, daftari litakuonyesha faida ambayo kwa kweli ni mshahara wao. Kuna wakulima wengi tu hapa bondeni ambao, wakiandika siku za nyumbani kwa bei ya kibarua, faida yote inayeyuka.

Nyingine ni ndogo ndogo zinazojikusanya: chakula cha vibarua, magunia na kamba, bodaboda za kwenda na kurudi, kupakia na kushusha, turubai la kuanikia, mchango wa kusafisha mfereji. Na upande wa pili usisahau mpunga uliobaki nyumbani kuliwa. Huo ni mapato, uandike kwa bei ya sokoni.

4. Ekari moja inatoa magunia mangapi?

Uliza kilo. Gunia si kipimo mpaka limepanda mzani. Lisilo na lumbesa, yaani kichwa cha ziada juu ya gunia, huwa na kilo 75 hadi 85 hivi, kutegemea mbegu na ukavu wa punje, ila ukishonea kichwa juu unaongeza debe zima au zaidi kwa bei ile ile. Wakala wa Vipimo wanakataza lumbesa, na mfungasho wa mazao hautakiwi kuzidi kilo 100. Anayekwambia "ninavuna magunia 30" na mwingine anayesema 22 wanaweza kuwa wamevuna sawasawa.

SHAMBA NA MAJI

5. Shamba la mpunga nitalipata wapi upande wa Bagamoyo?

Kwenye mabonde ya Ruvu na Wami, kwa sehemu kubwa. Kuna mashamba ya skimu, kama BIDP (mradi wa umwagiliaji wa Bagamoyo) ya bonde la Ruvu iliyoendelezwa kwa msaada wa Japani, na ushirika wa Chauru kule Vigwaza ambao sasa uko Halmashauri ya Chalinze. Nje ya skimu yapo mabonde ya kijiji yanayolimwa kwa mvua na kwa maji ya mto yakifurika.

Kabla ya kukubali, chimba shimo la kina cha goti na ulijaze maji jioni. Asubuhi ukikuta limekauka, udongo huo ni wa kichanga na jaruba lako halitashika maji hata ufanyeje. Halafu uliza jirani, si dalali, ni lini maji yaliwahi kushindwa kufika kwenye jaruba hilo. Shamba la mwisho wa mfereji hukodishwa kwa bei nafuu, na sababu utaijua mpunga ukianza kubeba mimba.

6. Mkataba wa kukodi uweje?

Uandikwe, utiwe saini mbele ya mtendaji wa kijiji au uongozi wa skimu, utaje mipaka, msimu, na nani analipa ada ya maji. Kodi kwa misimu miwili ukiweza. Msimu wa kwanza unagharamia kusawazisha na kujenga matuta, na mwenye shamba huwa hakosi kugundua kwamba sasa shamba lake ni zuri.

7. Maji ya Ruvu yanatosha?

Yanatosha mwaka wa mvua njema. Mwaka wa ukame unagombea maji na jiji zima, kwa kuwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayowanywesha wakazi wengi wa Dar es Salaam. Oktoba 2022 mto ulipungua hadi jiji likaingia kwenye mgao. Katika hali hiyo mkulima mwenye pampu ndiye wa kwanza kuambiwa azime. Kuchota maji ya mto kwa ajili ya kilimo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ukiwa ndani ya skimu, hakikisha skimu yenyewe inacho.

Unaweza pia kutumia maji kidogo bila kupoteza mavuno. Chukua kipande cha bomba la plastiki, kitoboe matundu pande zote, kizike kwenye jaruba kikichomoza kidogo juu ya ardhi, kisha toa udongo wa ndani. Ukichungulia unaona maji yalipo chini ya tope. Yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia tena. Njia hii huokoa hadi asilimia 30 ya maji, na kwa anayesukuma kwa pampu hayo ni mafuta. Isipokuwa wakati wa kuchanua: hapo jaruba libaki na maji muda wote, kwani mpunga ukipata kiu ukiwa kwenye maua huzaa mapepe, yaani punje tupu.

8. Naona unga mweupe juu ya matuta. Ni nini?

Ni chumvi. Hutokea zaidi mashamba yanayokaribia bahari, na yale yanayomwagiliwa bila mtaro wa kutoa maji. Mpunga huumia zaidi ukiwa mche mchanga na unapochanua. Jaza maji, yaache, yatoe, rudia kabla ya kupandikiza, na tumia miche iliyokomaa kidogo. Zipo mbegu zilizotafitiwa kwa ajili ya chumvi, kama SATO 1. Kama hakuna pa kutolea maji, usikodi shamba hilo.

MBEGU, MBOLEA NA KAZI

9. SARO au Supa?

SARO 5, ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306, hukomaa kwa takriban siku 120, haina urefu wa kuanguka ovyo, hupokea mbolea vizuri na ina harufu kiasi. Supa huchukua muda mrefu zaidi, huanguka ikishiba mbolea, na huzaa pungufu, ila walaji wanaipenda na bei yake kwa kawaida iko juu.

Swali ni kama tofauti ya bei inafidia tofauti ya mavuno. Ikiwa SARO inakupa kilo 2,000 na Supa kilo 1,300, Supa lazima iuzwe kwa bei inayozidi ya SARO kwa zaidi ya nusu ndipo zilingane. Ni nadra kuikuta tofauti hiyo sokoni. Kwenye skimu, panda SARO ya kuuza na jaruba moja la Supa la nyumbani. Kwenye shamba la mvua lisilo na mbolea, ubora wa SARO hauonekani sana, na Supa haina aibu.

Nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukitunza mbegu yako mwenyewe, iteue shambani kabla ya kuvuna, kwenye sehemu isiyo na mchanganyiko. Mpunga wa rangi mbili ndani ya gunia moja humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei.

10. Kilimo shadidi kinalipa kweli?

Kilianzia Madagascar, na kwetu kilijaribiwa sana Mkindo, Mvomero, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Unapandikiza mche mmoja mmoja wa siku 8 hadi 12, kwa mstari, sentimita 25 kwa 25. Hiyo ni karibu mashina 64,000 kwa ekari. Maji unayapokezana na ukavu kama ilivyoelezwa swali la 7, na palizi inafanywa kwa kipalizi cha kusukuma kinachofukia magugu kwenye tope.

Mbegu inapungua sana: kilo 3 hivi zinatosha ekari, wakati anayemwaga kwa mkono hutumia 30 na ushee. Kinachowashinda watu ni kazi. Kupandikiza kwa kawaida huchukua watu 10 hadi 15 kwa siku moja kwa ekari. Kundi lisilozoea kamba na mche mchanga litahitaji zaidi, na litadai nyongeza. Tena jaruba lisiposawazishwa, mche wa siku kumi unazama upande mmoja na kukauka upande mwingine. Anza na robo ekari. Kundi lako likishajua mwendo, panua.

11. Mbolea kiasi gani?

Kwa ekari ya umwagiliaji watu wengi hutumia mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP au NPK wakati wa kupandikiza, kisha mfuko mmoja hadi mmoja na nusu wa Urea, uliogawanywa mara mbili: wiki mbili hadi tatu baada ya kupandikiza, na mpunga unapoanza kutunga mimba. Palilia kwanza, punguza maji, ndipo umwage. Urea iliyomwagwa kwenye maji yanayotiririka imeenda kwa jirani wa chini.

Udongo ukipimwa unaweza kukuta unanunua kitu usichokihitaji. TARI Mlingano, Muheza, ndiyo kituo cha utafiti wa udongo. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/23, inamhitaji mkulima awe amesajiliwa kwenye daftari la kijiji na kupata namba yake. Fanya hivyo mapema, si siku duka limejaa foleni.

12. Ndege na magonjwa vinaweza kula faida yote?

Vinaweza. Kwelea kwelea mmoja hula karibu gramu 10 kwa siku, hesabu kundi. Kuamia kunaanza punje zikiwa na maziwa hadi siku ya kuvuna, kama mwezi mmoja, na saa mbaya ni alfajiri mpaka saa nne na alasiri mpaka magharibi. Panda pamoja na majirani. Jaruba linaloiva peke yake hulisha ndege wa bonde zima. Makundi makubwa yatoleeni taarifa kwa afisa ugani mapema, kwani kunyunyizia dawa kwa eropleni kunaratibiwa na serikali.

Ugonjwa wa kuogopa ni kimyanga: majani yanakuwa njano yenye michirizi, mpunga unadumaa, punje zinatoka tupu. Ni virusi vilivyotambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1966, na dawa ya kuviponya haipo, hata muuza duka akuapie. Vinasambazwa na mbawakawa, na pia mikono na zana zilizogusa mche mgonjwa. Ng'oa, fukia, na usichukue miche kwenye kitalu chenye dalili. Upande wa Ruvu na Wami kuna pia viboko wanaotoka mtoni, hivyo weka walinzi wa usiku kwenye hesabu.

MAVUNO NA SOKO

13. Nivune lini?

Punje nane kwa kumi zikishakuwa na rangi ya dhahabu. Ukichelewa hupukutika shambani na kukatika mashineni. Ukivuna, pura upesi na anika kwenye turubai, tabaka jembamba, ukigeuza mara kwa mara. Mpunga ulioanikwa kwenye lami ya mchana hupasuka ndani kwa ndani, nawe utauona mashineni ukitoka chenga.

14. Niuze mpunga au mchele?

Mashine nyingi za mitaani hutoa kilo 62 hadi 65 za mchele kwa kila kilo 100 za mpunga mkavu, chenga zikiwemo. Kwa hiyo mpunga ukiuzwa tuseme shilingi 1,000, kilo ya mchele imeshakugharimu karibu shilingi 1,560 kabla ya kukoboa, mifuko na nauli. Mnunuzi wa jumla akikupa 1,700, hebu angalia kama nafasi ya 140 inatosha hayo yote. Mara nyingi haitoshi. Inatosha ukiuza kwa kilo moja moja kwa wateja unaowajua, au mashine iko kijijini na pumba unaiuza kwa wafugaji wa kuku.

Ukipeleka kwenye masoko ya Tandale au Manzese, Dar, utakutana na mchele wa Kyela na wa Mbeya, ambao jina lake linauza kabla ya kuonjwa. Wetu una ukaribu tu, na ukaribu una maana kwa anayepeleka mzigo mdogo kila wiki.

15. Nikae nao mpaka lini?

Bei kwa kawaida huwa chini Julai na Agosti kila mtu anapovuna, kisha hupanda kuelekea Desemba na baada yake. Hifadhi mpunga, si mchele, juu ya chaga, mbali na ukuta, ukiwa mkavu wa asilimia 14 au pungufu.

Uzito unapungua. Mpunga wenye unyevu wa asilimia 20 ukikaushwa hadi 14, kila kilo 100 zinabaki 93. Rudi mfano wa swali la 2: kilo 2,000 zinakuwa 1,860. Bei ikifika tuseme 1,100, unapata shilingi 2,046,000, na ukitoa gharama zinabaki 1,096,000 badala ya 648,000. Toa humo panya na kodi ya stoo. Kama bei haijapanda hata asilimia 10, kukaa nao hakujakulipa.

16. Nichukue fedha ya mfanyabiashara nimlipe kwa mpunga?

Huku ndiko faida nyingi ya bonde inakopotelea. Ukichukua fedha Aprili kwa ahadi ya magunia Agosti, bei imeshapangwa na mwenye fedha, nayo huwa chini kuliko hata bei ya mavuno. Piga riba yake: tuseme umepewa shilingi 40,000 kwa gunia litakalouzwa 60,000 miezi minne baadaye. Umekopa kwa asilimia 50. Hakuna SACCOS itakayokutoza hivyo.

Ukibanwa, uza sehemu, kiasi cha kulipa vibarua wa kuvuna, na ubakize mpunga mwingine. Kikundi cha VICOBA kinachovunja mzunguko wake Machi badala ya Desemba kinawafaa wakulima wa mpunga kuliko benki yoyote iliyo mbali.

17. Ushuru?

Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2, na kumwondolea ushuru anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Viwango hubadilika, hivyo uliza halmashauri kabla ya kupakia, na dai risiti ya mashine.

HALI ZISIZO ZA KAWAIDA

18. Niko Dar, nina mtaji, nina kijana wa kuaminika shambani. Nilime kwa simu?

Kijana huyo utamlipa kwa mwezi au kwa kilo? Ukimlipa kwa mwezi, mshahara wake hautegemei ndege. Wanaofanikiwa kwa mbali humpa msimamizi sehemu ya mavuno, na wao wenyewe hufika siku nne zisizokosekana: kusawazisha, kupandikiza, mbolea ya pili, na kupura. Ya kupura ndiyo usiikose kabisa. Magunia huhesabiwa palepale, chini ya mti, na yanayoondoka usiku hayarudi kwenye hesabu.

Ekari tano kwa mtu asiyewahi kulima moja ni nyingi mno. Na kama huwezi kufika hata hizo siku nne, kodisha fedha yako kwa njia nyingine: nunua mpunga Agosti, uhifadhi, uuze Januari. Jasho ni dogo, na hesabu yake ni ile ya swali la 15.

19. Mafuriko yamefunika jaruba. Nipande tena?

Mpunga uliozama kabisa kwa siku chache huweza kuamka. Ukipita wiki, matumaini ni madogo. Angalia kalenda: kama masika imebaki chini ya miezi miwili na huna maji ya mfereji, usirudie SARO. Panda kunde au mahindi ya muda mfupi kwenye unyevu unaobaki.

20. Niko Korogwe. Haya yananihusu?

Hesabu zote zinakuhusu. Tofauti ni maji: skimu kama ya Mombo hupata maji yanayoshuka kutoka milima ya Usambara, na vibali viko Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mzigo wako unaweza kwenda Tanga mjini au kupanda Moshi na Arusha, kwa hiyo piga simu pande zote kabla ya kukubali bei ya lori la kwanza.

21. Visiki vikichipua baada ya kuvuna, niviache?

Viache kama maji yapo na hakukuwa na kimyanga. Kata visiki vifupi vinavyolingana, mwaga Urea kidogo, rudisha maji baada ya siku chache. Utapata chini ya nusu ya mavuno ya kwanza, lakini bila kulima wala kupandikiza. Gharama kubwa itakuwa ndege, kwani hapo jaruba lako litakuwa peke yake bondeni, kwa hiyo kubalianeni watu watatu wanne wa jirani muache visiki pamoja na kugawana zamu za dungu.